Kwenda kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa kwanza kule Roma: maswali mnayoniuliza kila siku

Naishi Roma mwaka wa kumi na moja sasa na kila ndugu, jirani au mwanakwaya anayekuja huku lazima aniulize habari za katakombe, na maswali ni yaleyale, wengine wananiandikia usiku wa manane wakati ndege yao ni kesho asubuhi. Basi nimeyaweka yote hapa. Mengine nimejibu kwa urefu kwa sababu napenda sana haya mambo, mengine nimejibu kwa mstari mmoja kwa sababu hayahitaji zaidi.

Katakombe ni kitu gani hasa?

Ni makaburi. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wanakuja wakidhani ni mapango, au handaki la siri, au kanisa la chini ya ardhi. Ni makaburi tu, ila badala ya kuzika watu kwenye uwanja kama sisi walichimba njia ndefu chini ya ardhi halafu pembeni, kwenye kuta kulia na kushoto, wakachonga nafasi za kulaza maiti moja juu ya nyingine kama vitanda vya dabo deka, nne, tano, hata zaidi kutoka chini mpaka juu.

Kama unatoka Pwani au umewahi kuhudhuria maziko ya Kiislamu utaelewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote, maana ile nafasi ni kama mwanandani, ule ubavu unaochimbwa ndani ya kaburi. Ni vilevile, mwili unavishwa sanda, unaingizwa ubavuni mwa ukuta, halafu unafungwa. Tofauti ni kwamba wao walifunga kwa kipande cha marumaru au vigae vya udongo na chokaa, na badala ya kufukia wakaacha njia wazi ili ndugu waweze kupita na kuja kutembelea.

Lile neno lenyewe lilianzia sehemu moja tu, pale panapoitwa San Sebastiano kwenye barabara ya Via Appia, palikuwa na mashimo ya kuchimbia mchanga wa ujenzi na watu wakapaita kwa Kigiriki "penye mashimo". Baadaye jina likasambaa kwa makaburi yote ya namna hiyo. Wakristo wenyewe waliyaita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya mahali pa kulala, na kwenye mawe yao wanaandika "amewekwa" na siku aliyowekwa, yaani amewekwa kwa muda, atakuja kuchukuliwa. Sisi nasi tunasema marehemu amelazwa, amepumzika. Mimi nikiwaeleza wageni wetu hapo hawahitaji maelezo marefu.

Kwa nini wachimbe chini, si wangezika juu tu?

Sababu ni za kawaida kabisa. Sheria ya Roma tangu zamani sana ilikataza kuzika ndani ya mji, ndo maana katakombe zote utazikuta nje ya ukuta wa zamani, kandokando ya barabara kuu zinazotoka mjini kama Via Appia, Via Salaria, Via Nomentana. Halafu ardhi ilikuwa ghali, watu ni wengi, na Wakristo hawakutaka kuchoma maiti kama Warumi wengi walivyokuwa wanafanya, walitaka kuzika mwili kama Bwana alivyozikwa. Ukiwa na kiwanja kidogo ulichopewa na muumini mwenye nafasi utafanyaje? Unashuka chini.

Na Mungu aliwajalia mwamba unaofaa. Chini ya Roma kuna jiwe laini la volkano, wenyewe wanaliita tufo, unalikata kwa sururu bila shida kubwa halafu likikaa kwenye hewa linakuwa gumu. Ukipita mle taa ikipiga ukutani kwa ubavu utaona alama za sururu bado zipo, mstari kwa mstari, kama jana. Mimi kila nikienda nasimama hapo kidogo.

Ni kweli Wakristo walikuwa wanajificha humo wakati wa mateso?

Hapana, na hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa sababu filamu na hata mahubiri mengi yametufundisha hivyo. Fikiria mwenyewe. Makaburi yako kando ya barabara kubwa, maziko yanapita mchana, serikali inajua kila kiwanja ni cha nani. Huwezi kujificha sehemu ambayo polisi wanaijua. Na hewa mle haitoshi kuishi watu muda mrefu, na hakuna maji.

Ushahidi mkubwa ni huu: mwaka 257 Kaisari Valeriani alitoa amri Wakristo wasikusanyike na wasiingie kwenye makaburi yao. Sasa kama pangekuwa ni maficho yasiyojulikana angekatazaje kuingia? Mwaka uliofuata, tarehe 6 Agosti 258, Papa Sisto wa Pili alikamatwa akiwa na watu wake hukohuko makaburini akauawa pamoja na mashemasi, na siku nne baadaye akafuata shemasi Laurenti. Hakuwa amejificha, alikwenda kusali na waumini wake kwa marehemu wao huku amri imeshatoka. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko kujificha.

Walichokuwa wanafanya mle ni kuzika, kusali siku ya kumbukumbu ya marehemu, na kula pamoja chakula cha kumkumbuka. Yaani arobaini zao, matanga yao. Ibada za kawaida za kila wiki walifanya kwenye nyumba za watu mjini.

Nani aliyalipia yote haya, si walikuwa maskini?

Hapa naomba mnivumilie maana ndipo moyo wangu ulipo. Tertuliani, mwandishi Mkristo, Mwafrika wa Carthago (Tunisia ya leo), aliandika karibu mwaka 197 kwamba Wakristo walikuwa na mfuko wa pamoja, kila mtu anatoa kidogo mara moja kwa mwezi kwa hiari na kwa kadiri anavyoweza, na ile pesa inakwenda kuwalisha maskini na kuwazika, kutunza yatima, wazee, na watu waliofungwa kwa ajili ya imani. Nilivyosoma hivyo mara ya kwanza nikacheka peke yangu kwenye basi kwa sababu hicho ni chama cha kufa na kuzikana! Ni kilekile ambacho mama yangu amekuwa mweka hazina wake kwa miaka mingi, daftari, michango, sufuria kubwa na viti vya plastiki vya msibani.

Ndivyo katakombe zilivyojengwa. Matajiri walitoa ardhi, wengine walitoa walichonacho, na kulikuwa na wachimbaji maalumu ambao kazi yao ilikuwa hiyo tu, kuna michoro yao mle ndani wakiwa na sururu na taa. Na yule aliyekabidhiwa kusimamia yale makaburi makubwa ya Via Appia mwishoni mwa miaka ya 190 alikuwa shemasi Kalisti, mtu aliyekuwa mtumwa, na baadaye mwaka 217 akawa Papa. Ndo maana panaitwa San Callisto mpaka leo, ingawa yeye mwenyewe hakuzikwa hapo, alizikwa upande mwingine wa mji kwenye Via Aurelia.

Kwa hiyo mle ndani unakuta chumba kizuri cha familia kina michoro na tao, na hatua mbili mbele unakuta mtu ambaye hana hata jina, ndugu zake walibandika tu kipande cha kioo au sarafu au taa ndogo ya udongo kwenye chokaa ikiwa mbichi ili wakirudi wamtambue. Hakuna aliyekosa pa kulala.

Ziko ngapi na niende ipi kama nina nusu siku tu?

Zinazojulikana Roma ni zaidi ya sitini lakini zinazofunguliwa kwa kawaida kwa wageni ni chache: San Callisto, San Sebastiano na Domitilla ambazo ziko karibukaribu upande wa kusini, halafu Priscilla na Sant'Agnese upande wa kaskazini. Iko pia ya Watakatifu Marselino na Petro upande wa mashariki.

Ushauri wangu, kama ni mara yako ya kwanza nenda San Callisto. Kama unapenda michoro nenda Priscilla. Kama hupendi msongamano wa watalii nenda Domitilla, ina kanisa zima liko chini ya ardhi na nusu ya watu wanaokuja Roma hata hawaijui. Domitilla pia ndipo tarehe 16 Novemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukielekea mwisho, maaskofu kama arobaini walipokutana kusali Misa na kuweka ahadi ya kuishi maisha ya kawaida kama maskini wao, bila makuu na bila vyeo vya kujikweza. Walichagua kuahidi hapo. Mimi naelewa kwa nini.

Usijaribu kwenda zote siku moja, ya tatu utakuwa unaona kuta tu.

San Callisto nitaona nini?

Pamoja na yote utaona chumba cha Mapapa, ambapo walizikwa mapapa tisa wa karne ya tatu, na mpaka leo mawe ya watano yapo na majina yao kwa herufi za Kigiriki: Pontiani, Antero, Fabiani, Lusio na Eutikiani. Ni chumba kidogo. Watu wanategemea kitu kikubwa kama Basilika la Mtakatifu Petro halafu wanakuta chumba kama sebule ya nyumba ya kupanga. Ukutani kuna shairi la Papa Damaso wa karne ya nne, mwishoni anasema alitamani na yeye kuzikwa hapo lakini akaogopa kusumbua majivu ya watakatifu. Papa mzima, mwenye uwezo wa kuagiza chochote, akajizuia.

Mlango wa pili ni chumba cha Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, wanakwaya wote najua mtakwama hapo. Masalia yake hayapo tena, Papa Paskali wa Kwanza aliyahamishia kanisa la Trastevere mwaka 821, ila imewekwa nakala ya ile sanamu maarufu ya Stefano Maderno, amelala ubavu, uso umegeukia chini, vidole vya mkono wa kulia vitatu na wa kushoto kimoja, wanasema anaonyesha Utatu na Mungu mmoja.

Pale yapo kama kilomita ishirini za njia kwenye ghorofa nne za chini ya ardhi, na makadirio ni makaburi kama nusu milioni. Wewe utatembezwa kipande kidogo tu.

Halafu kuna habari ya jinsi palivyopatikana. Mwaka 1849 bwana mmoja anaitwa Giovanni Battista de Rossi, mtafiti kijana, alikuwa kwenye shamba la mizabibu hapo juu akaona kipande cha marumaru kilichovunjika kimeandikwa NELIUS MARTYR. Mtu mwingine angepita. Yeye akajua hilo ni nusu ya jina la Kornelio, Papa aliyefariki mwaka 253, na kwamba kaburi lazima liko chini ya ile mizabibu. Papa Pius wa Tisa akanunua shamba, wakachimba, wakakuta kaburi na kile kipande kingine, na mwaka 1854 wakafika chumba cha Mapapa.

Kuna Waafrika humo?

Wapo, na nashangaa hatuambiwi mapema. Kwenye kaburi la huyo Kornelio kuna picha ukutani ambapo pembeni yake amechorwa Sipriani, askofu wa Carthago, yaani Tunisia ya leo. Walikuwa wanaandikiana barua enzi za uhai wao, wakasaidiana kwenye mgogoro mkubwa wa kuwapokea tena watu walioikana imani kwa kuogopa kuuawa, na wote wawili wakafa kwa ajili ya imani. Wanakumbukwa siku moja. Ukisikia padre anasoma Sala ya Ekaristi ya Kwanza, yale majina tunayoyapita haraka, Sisto, Kornelio, Sipriani, Laurenti, basi ni hawa. Mama yangu alipofika mbele ya ile picha akaanza kuyataja kwa sauti ya chini kama anavyoyasikia Misani, na mwongozaji akanyamaza mpaka alipomaliza.

Papa Miltiade pia, ambaye vitabu vya zamani vinamwita Mwafrika, alizikwa San Callisto. Yeye ndiye aliyekuwa Papa mwaka 313 mateso yalipokoma.

Nje ya Roma je, Afrika zipo?

Zipo Sousse, Tunisia, na ni nzuri, moja inaitwa ya Mchungaji Mwema. Ulaya kuna za Napoli, za Syracuse huko Sisilia, na za Mtakatifu Paulo pale Rabat, Malta. Zile za Alexandria zinazoitwa Kom el Shoqafa watu wanazichanganya, hazikuanza kama makaburi ya Wakristo.

Za Paris ndo hizihizi?

Sio. Zile ni machimbo ya mawe ambayo kuanzia miaka ya 1780 walihamishia mifupa ya makaburi yaliyojaa mjini. Mafuvu yamepangwa ukutani. Ni habari nyingine kabisa, tofauti ya miaka zaidi ya elfu moja na mia tano.

Kwa hiyo Roma sitaona mifupa?

Kwenye njia za wageni kwa kawaida huoni. Nafasi nyingi ziko wazi na tupu, zilivunjwa na wezi au masalia yalihamishwa zamani. Yapo makaburi ambayo hayajafunguliwa mpaka leo ila ni sehemu ambazo hupelekwi, na ni vizuri hivyo. Kuna kijana mmoja alikasirika eti ametoa pesa na hakuona hata fuvu moja. Nikamuuliza, ukienda kumsalimia babu yako kaburini unafukua?

Michoro ile inamaanisha nini?

Samaki ni Kristo, kwa sababu herufi za neno samaki kwa Kigiriki zinaanzisha maneno Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi. Nanga ni tumaini. Njiwa ni roho iliyopata amani. Mchungaji amebeba kondoo mabegani, huyo utamwona kila mahali. Yona anatapikwa na samaki, yaani ufufuko. Kuna mtu amesimama ameinua mikono yote miwili, huyo anasali, na ukiangalia vizuri ndivyo padre anavyosimama altareni mpaka leo.

Cha kushangaza ni ambacho hakipo: msalabani Yesu humwoni. Michoro karibu yote ni ya watu waliookolewa, Danieli kwa simba, wale vijana watatu kwenye tanuru, Nuhu. Mtu amefiwa, anashuka na taa yake gizani, na anachokutana nacho ukutani ni habari ya mtu aliyetoka salama.

Priscilla kuna mchoro wa mama amempakata mtoto, na pembeni nabii ananyoosha kidole kwenye nyota. Ni wa nusu ya kwanza ya karne ya tatu na unahesabiwa kati ya picha za kale kabisa za Bikira Maria. Uko juu, mdogo, umefifia, usipoonyeshwa unaupita.

Tiketi bei gani, na zinafunguliwa lini?

Andaa kama euro 10 kwa mtu mzima, watoto wanapunguziwa. Huwezi kuingia peke yako, lazima uwe kwenye kundi na mwongozaji wao, na ziara ni kama nusu saa mpaka dakika arobaini na tano. Lugha za kawaida ni Kiitaliano, Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kijerumani. Kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha usione aibu, soma kidogo kabla hujaenda, au nenda na mmoja wa mapadre na masista wetu wanaosoma hapa, wako wengi, anaweza kukunong'oneza.

Siku za kufungwa zinatofautiana na hapa ndipo watu wanaumia. San Callisto hufungwa Jumatano, San Sebastiano Jumapili, Domitilla Jumanne, Priscilla Jumatatu. Mchana nyingi zinafungwa watu wakale, kwa hiyo lenga saa tatu asubuhi au saa nane mchana. Na kila mwaka nyingi zinafungwa wiki kadhaa kipindi cha baridi, San Callisto mara nyingi ni kuanzia mwisho wa Januari. Angalia kwenye tovuti yao wenyewe kabla hujatoka, usitegemee maneno ya mtu, hata yangu.

Nasema hivi kwa sababu kuna kundi la mahujaji arobaini kutoka nyumbani waliletwa San Callisto siku ya Jumatano na wakala aliyewatoza pesa nzuri tu, wengine akina bibi wa miaka sabini, wakasimama getini juani. Nilipigiwa simu nikaja mbio. Bahati nzuri San Sebastiano ni mwendo mfupi kwa miguu na wakatupokea, lakini mzee mmoja alikuwa amejiandaa miaka kwa ajili ya chumba cha Mapapa na hajakiona mpaka leo.

Nafikaje?

San Callisto na San Sebastiano panda basi 118, linapita karibu na Colosseo, linakushusha Via Appia. Basi 218 linatoka San Giovanni in Laterano linakufikisha upande wa Via Ardeatina, nalo ni zuri kwa Domitilla. Priscilla panda basi 92 kutoka Termini, kituo kikuu cha treni. Sant'Agnese ni metro B1, kituo kinaitwa Sant'Agnese Annibaliano. Mabasi ya Roma yanachelewa, kubali tu, usipange ndege siku hiyohiyo.

Ukiwa na nguvu shukia kwenye kanisa dogo la Quo Vadis, halafu uingie ile njia ya ndani yenye miti mirefu ya misiperesi mpaka San Callisto. Haina magari. Usitembee kwenye Via Appia yenyewe hapo, ni nyembamba na madereva hawana huruma.

Nivae nini?

Beba sweta, hata Julai. Chini joto ni kama nyuzi 15 mwaka mzima na kuna unyevu, unatoka kwenye jua la nyuzi 35 unashuka humo mwili unashtuka. Vaa raba au viatu vya kushika chini, ndala hapana, sakafu haiko sawa na ngazi zinateleza. Mabega na magoti yafunikwe kama unavyokwenda kanisani. Mabegi makubwa ya safari acha hotelini.

Naogopa sehemu finyu. Nina presha pia. Nitaweza?

Inategemea. Njia nyingi zina upana wa mita moja hivi, na juu zimepanda kuliko unavyodhani, kwa hiyo sio kutambaa. Taa zipo. Hewa ipo, kuna mashimo ya kale yaliyotobolewa mpaka juu kuingiza mwanga. Lakini ukishaingia na kundi sio rahisi kurudi peke yako. Mwambie mwongozaji mapema, kaa karibu naye mbele, usikae nyuma ya kundi. Ngazi ni nyingi, kushuka na kupanda, wenye magoti mabovu wapime wenyewe. Kwa kiti cha magurudumu za Roma ni ngumu sana, ila za San Gennaro kule Napoli zimetengenezewa njia isiyo na vizuizi, na wanaozitunza ni ushirika wa vijana wa mtaa wa Sanità, mtaa wa watu wa hali ya chini ambao sasa wanaishi kwa kazi hiyo. Treni ya kasi toka Roma ni kama saa moja na dakika chache, nenda.

Mtu anaweza kupotea mle?

Ukikaa na kundi hapana. Ila Antonio Bosio, aliyetumia maisha yake yote kuzitafuta, aliingia kule Domitilla mwaka 1593 na wenzake wakaenda mbali mno, wakapotea njia, taa zikawaishia, wakadhani ndo wanabaki humo. Tangu hapo akawa anabeba mishumaa mingi na uzi mrefu.

Kwa nini zilisahaulika?

Baada ya mwaka 313 watu walianza kuzika juu, karibu na makanisa, na kuingia chini ikawa kwa ajili ya hija. Mtakatifu Yeronimo anaeleza alivyokuwa mwanafunzi Roma akawa anashuka na wenzake siku za Jumapili, giza mpaka akakumbuka zaburi ya kushuka kuzimu ukiwa hai. Halafu zikaja vita, makundi yaliyouzingira mji yakachimbua makaburi, na kwenye karne ya nane na ya tisa mapapa wakahamishia masalia ya mashahidi kwenye makanisa ya mjini. Bila masalia hakuna mahujaji. Milango ikafukiwa na majani mpaka tarehe 31 Mei 1578, wafanyakazi wakichimba mchanga kwenye Via Salaria wakatumbukia kwenye makaburi yenye michoro.

Naruhusiwa kupiga picha?

Hapana. Sio ubabe, mwanga unaotesha ukungu na mwani ukutani, navyo vinakula rangi iliyodumu miaka 1,700. Postikadi zinauzwa juu. Na kijiwe usichukue hata kimoja.

Tunaweza kuadhimisha Misa humo?

Ndiyo, kama mna padre na mmebuku mapema, tena mapema sana kama ni mwezi wa kumi au karibu na Pasaka. Kwaya ziimbe taratibu, ule mwamba unameza sauti, na ukilazimisha unaumiza koo bure.

Mimi ni Mlokole. Mimi ni Muislamu. Naingia?

Karibu. Hakuna anayekuuliza. Hawa waliishi kabla makanisa hayajagawanyika, kwa hiyo Mlokole ni wazee wako pia. Rafiki yangu Muislamu wa Tanga niliyempeleka ndiye aliyenipa lile neno mwanandani, kabla yake nilikuwa nahangaika kuwaeleza watu.

Viza je?

Kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo unahitaji viza ya Schengen, mtu mzima analipa euro 90 kwa ubalozi bila makato mengine. Omba miezi miwili au mitatu kabla.

Nije na watoto, wataogopa?

Wangu aliingia akiwa na miaka sita na hakuogopa giza. Ila jiandae kwa swali moja. Ukutani katikati ya nafasi za watu wazima kuna nafasi ndogondogo, nyingi mno, nyingine hazizidi urefu wa mkono wangu kutoka kwenye kiwiko mpaka vidoleni. Watoto walikufa wengi enzi zile. Kwenye mawe yao mara nyingi wazazi wameandika miaka, miezi na siku, wamehesabu mpaka siku. Mwanangu aliweka kiganja chake hewani kupima bila kugusa, maana nilimkataza kugusa, akaniuliza, "Huyu naye walimchangia?" Nikamwambia ndiyo, walimchangia.